Bomba Linaweza Kunywa Maji Machafu

Kila siku unafungua robine na maji yanatoka. Umezoea hivyo. Kwa sababu hiyo unafikiri kwamba maji ya bomba yana njia moja tu: yanatoka katika tangi, yanapita katika bomba, yanafika katika ndoo yako. Lakini bomba halina macho. Halijui upande wa tangi wala upande wa ndoo. Maji yanakwenda kule ambako nguvu ni ndogo. Siku nyingine nguvu inakuwa ndogo ndani ya bomba lenyewe, na hapo maji yanageuka. Yanatoka katika ndoo na kuingia katika bomba.

Kama ndoo ile ilikuwa na maji safi, hakuna neno. Lakini kama ilikuwa na nguo za mgonjwa wa kuhara, itakuwaje? Bomba limekunywa uchafu ule. Nguvu ikirudi, bomba litautapika, wala halitautapika kwako peke yako. Litautapika katika kikombe cha jirani, katika chupa ya mtoto, na katika beseni la munganga anayenawa mikono kabla ya kupasua mgonjwa.

Jambo hili linaweza kuzuiwa. Kuna nafasi ya hewa ambayo haina gharama, na kuna chombo kinachofungwa katika bomba ili maji yasirudi. Lakini chombo kile ni kama mlinzi wa usiku. Ukimweka mlangoni halafu usimwangalie tena, hujui kama yuko macho au amelala. Soma habari hizi polepole, kisha uwasomee na wengine nyumbani.

NAMNA MAJI YANAVYORUDI

Bila shaka umemwona dereva akitoa mafuta katika pipa. Anatia tiyo ya mpira katika mafuta, anavuta kidogo kwa kinywa, kisha anaiinamisha chini. Mafuta yanapanda katika tiyo, yanavuka ukingo wa pipa, yanashuka katika kopo. Hakuna pampu. Mvuto wa kwanza umetosha. Bomba la maji linaweza kuvuta vilevile.

Fikiri nyumba mbili zilizo katika bomba moja. Ya kwanza iko juu ya kilima, ya pili iko bondeni. Mji kama Bukavu umejengwa hivyo, kilima na bonde, kilima na bonde. Umeme unakatika, pampu zinasimama, maji hayaji tena. Lakini ndani ya bomba mmebaki maji. Mama wa bondeni anafungua robine yake, na maji yaliyobaki yanashuka kwake. Yanaposhuka, yanaacha nafasi tupu nyuma yao, na ile nafasi inavuta.

Sasa tazama nyumba ya juu. Robine imeachwa wazi, kwa sababu wenyewe wanangoja maji yarudi. Katika robine imefungwa tiyo, na mwisho wa tiyo umezama katika beseni la nguo chafu. Bomba linavuta, beseni linapungua, wala hakuna anayeona. Watu wa nyumba wakirudi wanafikiri kwamba beseni limevuja.

Kuna njia ya pili, nayo si ya kuvuta bali ya kusukuma. Maji yaliyo katika tangi lenye kimo cha mita 10 yanasukuma kwa nguvu ya karibu bari 1. Hospitali nyingine ina pampu yake ya kufulia nguo, au pipa la chuma la kuchemshia maji, lenye nguvu ya bari 2 au 3. Ikiwa pampu hiyo imeunganishwa na bomba la maji ya kunywa, yule mwenye nguvu kubwa atamshinda mwenye nguvu ndogo. Maji ya kufulia yataingia katika maji ya kunywa.

Basi kumbuka: maji yanarudi kwa kuvutwa, au yanarudi kwa kusukumwa.

YALIYOTOKEA KWA WENGINE

Labda utasema, "Hayo ni maneno ya mafundi tu." Sikiliza mambo mawili yaliyotokea katika nchi ya Marekani, ambako mabomba ni mengi na mafundi ni wengi.

Mwaka wa 1933 watu wengi sana walikwenda katika mji wa Chicago kutazama maonyesho makubwa. Wengi walilala katika hoteli mbili zilizokuwa jirani. Mabomba ya hoteli hizo yalikuwa ya zamani, na katika sehemu kadhaa bomba la maji ya kunywa liliweza kupokea maji ya choo. Wageni walikunywa, wakarudi kwao. Baadaye wengi walianza kuhara damu, kila mtu katika mji wake, na waganga wa kule hawakujua mara moja kwamba ni ugonjwa wa amiba. Watu zaidi ya 1,400 waliugua, na 98 wakafa. Maji yalikuwa yamekuja safi kutoka mjini. Yaliharibikia ndani ya nyumba.

Mwaka wa 1969 kikosi cha mpira wa Kimarekani cha chuo cha Holy Cross, katika mji wa Worcester, kilikunywa maji ya robine iliyokuwa kando ya uwanja wa mazoezi. Karibu na uwanja watoto walikuwa wamechezea maji katika shimo la bomba, na baadhi yao walikuwa na ugonjwa wa ini unaotia macho rangi ya njano. Siku moja nyumba ikashika moto mjini, na wazima moto wakavuta maji mengi kwa mara moja. Nguvu ya bomba ikaanguka, na maji machafu ya shimoni yakavutwa ndani. Katika watu 97 wa kikosi kile, wachezaji na walimu wao, 90 waliambukizwa. Walikuwa wamecheza michezo miwili tu, na mwaka ule hawakucheza tena.

Umeona? Hakuna aliyetia sumu. Hakuna aliyevunja bomba. Nguvu ya maji ilianguka kidogo, na njia ilikuwa wazi.

Kwetu Kongo nguvu ya maji inaanguka mara nyingi, kwa sababu maji yanakatika mara nyingi. Katika mji wa Uvira, kando ya ziwa Tanganyika, wachunguzi walilinganisha siku za kukatika kwa maji na hesabu ya wagonjwa walioingia kituo cha kolera, tangu 2009 mpaka 2014. Waliona kwamba baada ya siku ambazo bomba halikutoa maji wagonjwa waliongezeka. Watu wasiopata maji ya bomba wanakwenda kuteka ziwani na mtoni, na hiyo ni hatari ya kwanza. Bomba tupu linalovuta uchafu ni hatari ya pili, nayo inakuja kimya.

MLINZI WA KWANZA NI HEWA

Mlinzi aliye bora kuliko wote hana chuma wala mpira. Ni nafasi ya hewa kati ya kinywa cha robine na ukingo wa chombo. Maji hayawezi kuruka hewani na kurudi katika robine.

Nafasi hiyo iwe kubwa kiasi gani? Pima upana wa kinywa cha robine, kisha uzidishe mara mbili. Kama kinywa kina upana wa sentimeta 2, acha sentimeta 4 juu ya ukingo wa beseni. Hata kama robine ni ndogo sana, usiache chini ya sentimeta 2 na nusu. Pima kutoka ukingo wa juu wa chombo, si kutoka usawa wa maji, kwa maana chombo kinaweza kujaa.

Tangi la nyumbani ni vilevile. Bomba linaloleta maji liingie juu ya ukingo, na mdomo wake usizame. Tiyo isiachwe ndani ya pipa, ndani ya beseni, wala juu ya ardhi penye matope. Ukimaliza kazi, itoe na kuitundika.

MLINZI WA PILI NI KIZUIZI

Kuna mahali ambapo nafasi ya hewa haiwezekani: bomba linaloingia nyumba ya kufulia, maabara, chumba cha maiti, pampu, na chombo cha kuchemshia vyuma vya kupasulia. Huko mafundi wanafunga kizuizi. Ndani yake mna vilango viwili. Kila kilango kina kipira cha mviringo, na nyuma yake springi, yaani chuma kilichosokotwa, kinachokisukuma kipira kikae juu ya kikalio chake. Maji yakienda mbele, yanakisukuma kipira na kupita. Yakitaka kurudi, kipira kinakaa na kufunga njia. Kwa nini vilango viwili? Ili kimoja kikishindwa, kingine kisimame.

Kabla ya vilango na baada yake kuna vifungio viwili vya kukata maji. Tena kuna robine ndogo nne za kupimia. Ya 1 iko kabla ya kifungio cha kwanza. Ya 2 iko kati ya kifungio hicho na kilango cha kwanza. Ya 3 iko kati ya vilango viwili. Ya 4 iko baada ya kilango cha pili.

Mahali penye hatari kubwa zaidi, kama maabara na chumba cha maiti, inafaa kizuizi cha namna nyingine. Katikati ya vilango vyake viwili mna tundu lenye mlango wa tatu, ambalo linamwaga maji nje. Vilango vikishindwa, maji machafu yanaanguka chini mbele ya macho ya watu, hayaingii katika bomba. Kizuizi hiki kisiwekwe shimoni. Kiwe juu ya ardhi sentimeta 30 au zaidi, ili tundu lisizame wakati wa mvua.

KWA NINI KIZUIZI KINACHOKA

Maji yakikatika na kurudi, yanakuja na mchanga na kutu. Punje moja ya mchanga ikilala kati ya kipira na kikalio, kilango hakifungi tena. Kipira kinazeeka, kinakuwa kigumu, kinapata alama ya duara kama kidonda. Springi inaliwa na kutu. Lakini kwa nje kizuizi ni kilekile, na robine inaendelea kutoa maji vizuri. Kwa hiyo huwezi kujua kwa kutazama. Lazima kupima.

Katika miji mingi ya Marekani na Kanada sheria inataka kizuizi kipimwe kila mwaka na fundi mwenye cheti. Hata pasipo sheria, mwaka mmoja ni kipimo chema. Kipimwe tena siku kinapofungwa, kila mara kinapotengenezwa, na bomba likipasuka na kuingiza matope.

NAMNA YA KUPIMA

Kazi hii ni ya fundi. Lakini inafaa mzee wa kanisa au mkubwa wa hospitali asimame karibu na kuona. Fundi mwenye saa ya kupimia nguvu ya maji atumie saa hiyo. Kama hana, kizuizi cha vilango viwili kisicho na tundu kinaweza kupimwa kwa tiyo inayoonyesha ndani, fimbo ndefu, na mita ya kupimia.

1. Kwanza waambie watu wote kwamba maji yatakatwa. Uliza chumba cha kupasulia kama wana kazi. Usikate maji wakati mgonjwa yuko juu ya meza.

2. Fungua kila robine ndogo kidogo ili itapike mchanga, kisha uifunge.

3. Funga tiyo katika robine ya 2, uisimamishe kwa fimbo. Pima sentimeta 70 juu ya kinywa cha robine ya 3, utie alama. Tiyo ipite alama hiyo.

4. Funga kifungio cha pili. Fungua robine ya 2 polepole mpaka maji yapite alama, kisha uifunge. Sasa funga kifungio cha kwanza.

5. Fungua robine ya 3, maji yatoke. Kisha fungua robine ya 2 na utazame maji katika tiyo. Yanaweza kushuka kidogo, halafu yasimame. Kama yamesimama kwenye alama au juu yake, kilango cha kwanza ni kizima. Kama yanazidi kushuka chini ya alama, kilango kinavuja.

6. Funga robine zote, fungua kifungio cha kwanza, uhamishe tiyo katika robine ya 3. Pima sentimeta 70 juu ya kinywa cha robine ya 4, ufanye vilevile kwa kilango cha pili: jaza tiyo, funga kifungio cha kwanza, fungua robine ya 4, kisha ya 3, utazame.

Kwa nini sentimeta 70? Maji yenye kimo hicho yanasukuma kwa nguvu ya karibu bari 0.07. Kilango kizuri kinaweza kuzuia nguvu hiyo kwa springi yake hata upande ambao maji huenda. Kikiweza hivyo, kitaweza zaidi maji yakitaka kurudi. Lakini angalia: kama maji hayakomi kutoka, na tiyo haishuki hata kidogo, yamkini kifungio ndicho kinachopitisha maji. Kipimo hicho si cha kuaminiwa mpaka kifungio kitengenezwe.

Kizuizi chenye tundu kinahitaji saa yake. Mlango wa tundu lazima ufunguke mapema, wakati nguvu ya maji yanayoingia ingali inazidi ile ya katikati kwa bari 0.14 au zaidi. Jambo hilo halionekani kwa macho, wala tusilikisie.

NAMNA YA KUKITENGENEZA

Kilango kikivuja, usikimbilie kununua kipya. Mara nyingi ni uchafu tu. Fundi afuate njia hii.

1. Funga kifungio cha pili, kisha cha kwanza. Fungua robine ndogo ya 2, ya 3 na ya 4 ili nguvu yote itoke. Usifungue kifuniko kabla maji hayajakoma. Watu wameumia kwa kufanya haraka.

2. Legeza nati za kifuniko moja moja, polepole, mkono mwingine ukiwa juu ya kifuniko. Springi iko chini yake, nayo inaweza kuruka usoni.

3. Toa kilango. Panga vipande juu ya kitambaa safi kwa utaratibu ule ule uliovitoa, ili visichanganyike wakati wa kurudisha.

4. Osha kila kipande kwa maji safi. Tazama kipira mwangani. Kina mchanga? Kimekatika? Kina alama ya duara yenye kina? Vipira vya namna nyingine vinaweza kugeuzwa upande wa pili, lakini hiyo ni dawa ya muda tu, wakati unangoja kipya.

5. Pitisha kidole juu ya kikalio. Kiwe laini pande zote. Usikikwangue kwa kisu wala kwa msumari, maana utafanya mfereji mdogo ambao maji yatapita siku zote.

6. Tazama springi na pete za mpira. Pete zipakwe mafuta yaliyokubaliwa kwa maji ya kunywa. Usitie grisi ya motokari. Inavimbisha mpira na kuuharibu, tena watu watakunywa grisi hiyo.

7. Vipande vipya viwe vya kizuizi kile kile, kwa jina na kwa namba iliyoandikwa juu yake. Kipira kilichokatwa katika gurudumu la zamani hakifai.

8. Kabla ya kufunga kifuniko, fungua kifungio cha kwanza kidogo sana, maji yaoshe ndani, kisha kifunge tena. Rudisha vipande, kaza nati kwa zamu, hii na ile iliyo mbele yake, bila kuzidisha.

9. Fungua kifungio cha kwanza polepole. Toa hewa kwa robine ndogo. Baada ya hapo fungua kifungio cha pili.

10. Pima tena. Kizuizi kilichotengenezwa bila kupimwa hakijatengenezwa.

Mwisho andika katika karatasi ngumu tarehe, kilichoonekana, kilichofanywa, na jina la fundi. Itundike karibu na kizuizi. Mwaka ujao fundi mwingine atashukuru.

TUNDU LIKITOA MAJI, USILIZIBE

Hapa tunawaambia watu wote, si mafundi peke yao. Kwenye kizuizi chenye tundu utaona pengine maji yanaanguka chini. Watu wengi wanachukia kuona maji yanapotea. Mmoja anatafuta kijiti na kitambaa, anaziba. Rafiki, umemfunga mlinzi kinywa wakati anapiga kelele ya mwizi.

Maji yale yanasema jambo. Kama ni matone machache, yanakuja wakati pampu ya mji inawaka au inazima, kisha yanakoma, yamkini nguvu ya maji inapanda na kushuka tu. Kama yanatoka bila kukoma, fundi afungue robine kubwa mbele ya kizuizi ili maji mengi yapite. Tundu likinyamaza wakati maji yanapita, uchafu umo katika kilango cha kwanza. Tundu likiendelea, mlango wa tundu wenyewe una uchafu, au ngozi yake ya mpira imepasuka. Kama linatoa maji tu wakati pampu ya hospitali inasukuma, tena linakoma kifungio cha pili kikifungwa, kilango cha pili kinavuja. Kila dalili ina dawa yake, wala hakuna hata moja ambayo dawa yake ni kijiti.

Vilevile mtu asitie bomba la kando la kuzunguka kizuizi ili kupata maji mengi. Mwizi hapiti mlangoni penye mlinzi ikiwa ukuta umebomolewa.

KAMA MAJI YAMEKWISHA KURUDI

Ukiona maji ya robine yana povu, rangi, au harufu ya sabuni, ya dawa au ya choo, usinywe wala usiwape watoto. Waambie jirani na wakubwa wa maji upesi, usingoje kesho.

Ikiwa ni uchafu wa wadudu wa ugonjwa, yachemshe maji mpaka yatokote kwa nguvu kwa dakika moja. Ukikaa milimani juu sana, kupita mita 2,000, yachemshe dakika tatu. Lakini sikiliza vizuri: kuchemsha hakuondoi dawa ya wadudu wa mashamba, wala mafuta, wala dawa za maabara. Maji ya namna hiyo yamwagwe, na watu wapate maji mengine.

Fundi atafute kwanza mahali uchafu ulipoingilia na kupaziba. Kisha asafishe mabomba kwa maji mengi. Baadaye mabomba yajazwe maji ya klore yenye miligramu 50 katika kila lita, yakae saa 24, yamwagwe, na mabomba yaoshwe mpaka harufu kali itoke. Katika saa hizo robine zote ziwe na alama ya kukataza watu kunywa.

Mgonjwa akianza kuhara sana, akitapika, au macho yake yakiwa ya njano, mlete hospitali. Mwambie munganga habari za maji yale, hata kama zimepita wiki kadhaa. Ugonjwa wa ini unaweza kukaa kimya karibu mwezi mmoja kabla ya kuonekana. Neno lako moja linaweza kuwaokoa wengine wanaokunywa katika bomba lile lile.

MASWALI YA KUJIULIZA NYUMBANI

Leo, kabla ya kulala, zunguka nyumba yako na ujibu maswali haya.

Je, kuna tiyo ambayo mwisho wake umezama katika ndoo, pipa au matope?

Je, kati ya kinywa cha robine na ukingo wa beseni kuna nafasi ya upana wa kinywa mara mbili?

Je, bomba linaloingia tangi langu liko juu ya ukingo?

Maji yakikatika, je, nafunga robine zote, ama naziacha wazi na tiyo zikiwa ndani ya beseni?

Pampu ya kunyunyizia dawa shambani, je, naijaza kwa kutia tiyo ndani yake, ama kwa ndoo?

Katika hospitali yetu, shule yetu na kanisa letu, kizuizi kiko wapi, na kilipimwa mwaka gani? Kama hakuna anayejua, uliza. Usione haya kuuliza mara ya pili. Yule atakayekunywa maji kesho asubuhi hawezi kuuliza, maana labda ni mtoto aliyezaliwa usiku huu.